Mwandishi, Mhakiki na Ukweli wa Hadithi: Mazingatio Kutoka Uwanda wa Kati

Kila hadithi iliyoandikwa ina watu watatu wanaoizunguka. Wa kwanza ni yule aliyeitunga. Wa pili ni wale ambao maisha yao yamechotwa na kutiwa ndani yake, hata kama majina yao yamebadilishwa. Wa tatu ni yule aisomaye kwa kusudi la kuipima na kuwaeleza wengine thamani yake, ambaye tumezoea kumwita mhakiki au mtaalamu wa fasihi. Mara nyingi mazungumzo yetu huishia kwa wawili wa kwanza: tunauliza kama mwandishi ana kipaji, na kama watu aliowaeleza ni watu wa kweli. Katika makala haya tunakusudia kumhoji huyu wa tatu. Ni haki gani aliyo nayo mtaalamu juu ya hadithi ambayo hakuitunga, na juu ya maisha ambayo pengine hakuyaishi? Na ikiwa haki hiyo anayo, je, ana wajibu gani kwa yule aliyeandika na kwa wale walioandikwa?

Huenda mtu akadhani kwamba hili ni swali la vyuoni tu, lisilomhusu mwalimu wa kidato cha pili wala mwanafunzi wake. La hasha. Neno la mhakiki halibaki katika kitabu cha mhakiki. Huingia katika mihtasari ya masomo, likatoka humo na kuingia katika maswali ya mtihani, na mwisho likakaa katika vichwa vya vijana wetu kama maelezo ya jinsi watu fulani walivyo. Kijana ambaye hajapata kufika Manyoni wala Kondoa atakuwa na picha ya watu wa huko aliyopewa na riwaya, na picha hiyo itakuwa imepakwa rangi na yule aliyemfundisha kuisoma. Kwa hiyo uhakiki ni tendo linalowagusa watu, na kila tendo linalowagusa watu lina hukumu ya maadili juu yake.

Tumechagua kulitazama swali hili tukiwa tumesimama katika uwanda wa kati wa nchi yetu, yaani Dodoma na majirani zake. Kisa cha kuchagua hivyo si kwamba mahali hapa pana waandishi wengi kuliko pengine. Pwani imetupa zaidi. Tumepachagua kwa sababu hii ni nchi ambayo imesemwa sana na wengine kuliko ilivyojisemea yenyewe. Msafiri wa karne ya kumi na tisa aliyepita na msafara wake aliisema kwa hesabu ya kodi aliyotozwa njiani na maji aliyoyakosa. Mkoloni aliisema kwa hesabu ya ng'ombe na ya njaa. Hata baada ya uhuru, mtu wa mjini Dar es Salaam aliisema kwa yule mwombaji aliyemwona kando ya barabara, akadhani amekwisha kuijua nchi nzima. Mahali kama hapo ndipo panapopima vyema uadilifu wa msomaji.

Tuanze na hadithi ndogo ambayo kila mwenyeji anaijua, yaani hadithi ya jina la Dodoma lenyewe. Wote hukubaliana kwamba jina limetokana na neno la Kigogo, idodomya, lenye maana ya kuzama au kudidimia. Lakini ni nini kilichozama? Wako wasimuliao kwamba tembo alikuja kunywa maji, akanasa katika tope asiweze kutoka. Na wako wasimuliao kisa kingine: kwamba watu wa hapa waliiba ng'ombe wa jirani zao, wakawachinja na kuwala, kisha wakaisimika mikia yao katika tope la bwawa. Wenye ng'ombe walipofika kuwatafuta, wakaonyeshwa ile mikia na kuambiwa kwamba wanyama wamezama.

Na tuwaite wataalamu watatu waihakiki hadithi hii ya pili. Wa kwanza atauliza: je, jambo hili lilitokea? Lilitokea lini, na jirani hao ni akina nani? Asipopata ushahidi ataiweka kando, aseme kwamba ni ngano tu. Wa pili atauliza: hadithi hii inafunza nini? Ataona inasifu wizi na uongo, basi atashauri isitiwe katika vitabu vya watoto, au mwisho wake ubadilishwe ili wezi waadhibiwe. Wa tatu atastaajabia ufundi wake: jinsi mkia, kitu kidogo kionekanacho, unavyosimama badala ya ng'ombe mzima asiyekuwapo, jinsi uongo unavyojengwa juu ya kipande cha ukweli. Ataiandikia kurasa ishirini.

Kila mmoja wao amesema kitu cha haki. Hata hivyo tukimwendea mzee aisimuliaye hadithi hii jioni, tutaona kwamba wote watatu wamepitwa na jambo moja. Mzee anacheka. Anajicheka yeye na wahenga wake. Anasimulia kisa ambacho ndani yake watu wake ni wezi na waongo, na bado anakisimulia mbele ya wageni bila haya. Kwa nini? Kwa sababu watu waliokwisha kuona njaa wanajua kwamba werevu ni silaha ya asiye na mkuki, na kwa sababu mtu awezaye kujicheka mwenyewe hawezi kudhalilishwa kirahisi na kicheko cha mwingine. Hilo ndilo neno lililo katika moyo wa hadithi. Halikupatikana kwa kuuliza kama ni kweli, wala kama ni nzuri, wala kama ina manufaa. Limepatikana kwa kumsikiliza aliyesema, na kutazama amesema mbele ya nani.

Mitazamo hii mitatu tuliyoieleza si ya kubuni. Ndiyo ambayo imetawala usomaji wa fasihi katika nchi yetu, na kila mmoja una historia yake.

Mtazamo wa kwanza huichukua kazi ya mwandishi kuwa ushahidi. Mfano mzuri tunao katika Mathias Mnyampala, Mgogo aliyezaliwa mwaka 1917 na kufariki mwaka 1969, ambaye katika maisha yake alifanya kazi ya ualimu na baadaye ya uhakimu. Mwaka 1954 kilichapishwa kitabu chake juu ya historia, mila na desturi za Wagogo. Aliandika kwa Kiswahili, si kwa Kigogo, maana alitaka Mtanganyika wa pande zote asome na kuwajua watu wake. Miaka arobaini na mmoja baadaye, mwaka 1995, kitabu hicho kilitolewa kwa Kiingereza na mwanahistoria Mmarekani, Gregory Maddox, kikasomwa na wataalamu wa historia katika nchi za mbali. Hapo tunaona faida ya mtazamo huu: neno la mwenyeji linapewa heshima ya kuwa chanzo cha elimu, wala si jambo la kufurahisha tu. Lakini Mnyampala aliandika pia hadithi, Kisa cha Mrina Asali na Wenzake Wawili, iliyotoka mwaka 1961. Atakayeisoma hadithi hiyo kama asomavyo kitabu cha mila, akitafuta tu ndani yake jinsi asali inavyorinwa na nani hupewa fungu lipi, atakuwa amemgeuza mtunzi kuwa karani wa kabila lake. Hadithi haitoi ushahidi kwa namna ile ya daftari. Mwandishi aliyesema "ilikuwa hivi" na mwandishi aliyesema "tuseme ilikuwa hivi" hawakutoa ahadi moja, na hatuna haki ya kuwadai deni moja.

Mtazamo wa pili huichukua kazi ya mwandishi kuwa chombo. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, taifa liliwataka wasanii wake watumie vipaji vyao katika kujenga Ujamaa na Kujitegemea. Mnyampala aliitikia. Ngonjera zake, yaani mashairi ya majibizano yafaayo kuigizwa mbele ya watu, zilichapishwa kwa jina la chama cha UKUTA mwaka 1970 na 1971, yeye akiwa amekwisha kufariki, nazo ziliigizwa na watoto wa shule katika mikutano na sherehe za taifa. Katika miaka hiyo hiyo wahakiki wetu wengi walishika kipimo kimoja: kazi hii inamsaidia mkulima na mfanyakazi, au inamsaidia anayewanyonya? Hatukubaliani na wale wanaokidharau kipimo hiki sasa. Kilitufundisha kwamba hakuna hadithi isiyosimama upande wowote, na kwamba mwandishi anayedai kutojihusisha na siasa mara nyingi amejihusisha na siasa ya walioshiba. Lakini kipimo hiki kilikuwa na hatari yake. Mwandishi aliyeonyesha donda aliweza kudhaniwa kuwa ndiye aliyelileta. Riwaya ya Euphrase Kezilahabi, Rosa Mistika, ilipotoka mwaka 1971 ilizuiwa isitumike shuleni kwa jinsi ilivyoeleza bila kificho yanayowapata wasichana wetu. Baadaye ikaja kusomwa katika shule za sekondari zile zile. Riwaya haikubadilika. Kilichobadilika ni ujasiri wa wasomaji wake.

Mtazamo wa tatu huichukua kazi ya mwandishi kuwa sanaa yenye sheria zake yenyewe, ikaangaliwa muundo, mtindo, lugha na wahusika. Tangu somo la fasihi ya Kiswahili lilipoanza kufundishwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya sitini, na tangu Farouk Topan alipohariri kitabu cha kwanza cha Uchambuzi wa Maandishi ya Kiswahili mwaka 1971, tumepata istilahi za kuliendea jambo hili kwa utaratibu. F.E.M.K. Senkoro na wenzake wakaendeleza kazi hiyo kwa vitabu vya uhakiki vilivyofika hadi sekondari. Pasipo elimu hii tungekuwa tunahukumu vitabu kwa kupenda na kuchukia tu. Walakini, mwanafunzi aliyefundishwa kuhesabu tamathali za usemi katika sura inayoeleza njaa, asiulizwe hata mara moja juu ya njaa yenyewe, amefundishwa jambo la hatari. Amefundishwa kupita kando ya mtu anayelia akisifu sauti yake.

Sasa na tuijie kazi ambayo inalitia swali letu katika moto. Mwaka 1975 ilichapishwa riwaya iitwayo Shida, ya Ndyanao Balisidya, binti wa Ugogo ambaye alikuwa pia mtaalamu wa fasihi simulizi katika Chuo Kikuu. Riwaya yahusu vijana wa shamba, Chonya na Matika, wanaouendea mji wakitafuta nafuu na kukuta huko shida za namna nyingine. Wahakiki wameiweka, kwa haki, katika kundi la riwaya za wakati ule zilizoeleza mvutano wa kijiji na mji. Ilitoka katika miaka ya uhamiaji wa vijijini, ambao katika mkoa wa Dodoma ulikuwa umetangulia kwa operesheni ya mwaka 1971. Kwa hiyo wengi wameiuliza swali lile la chombo: je, inamrudisha kijana shambani au haimrudishi?

Sisi tunadhani liko swali lililo zito zaidi, nalo ni hili. Mtu wa uwanda wa kati alikuwa amekwisha kupewa jina baya na wenzake: mtu wa njaa, mtu wa kuomba. Je, mwandishi aliyetoka katika watu hao alifanya vema kuandika juu ya shida na kuhama? Hakuwapa wenye dharau silaha nyingine? Na mhakiki anayeifundisha riwaya kama hii mbele ya darasa lenye watoto wa makabila mengi, ambamo pengine mtoto mmoja wa Kigogo ameketi nyuma akiinamisha kichwa, afanye nini?

Yako majibu mawili mepesi, na yote mawili ni mabaya. La kwanza lasema: mwandishi amesema kweli, ndivyo walivyo watu hao. La pili lasema: jambo hili linaaibisha, afadhali lifichwe, tusome hadithi za mashujaa. Jibu la kwanza humchukua mhusika mmoja na kumfanya kabila zima. Jibu la pili humnyima mwandishi haki ya kuwalilia watu wake, na huwaambia watoto wetu kwamba heshima hupatikana kwa kunyamaza. Majibu haya, ingawa yanaonekana kupingana, yametoka katika kosa moja. Yote mawili yanaiona shida kama sifa ya mtu, kama vile urefu au rangi ya macho. Hakuna kati yao liulizalo: shida hii imetoka wapi?

Hapo ndipo ulipo wajibu wa mtaalamu, na hapo ndipo elimu yake inapostahili kuitwa elimu. Uwanda wa kati hupata mvua katika msimu mmoja tu wa mwaka, nayo kwa kawaida ni kiasi cha milimita 500 hadi 600. Ni kidogo, lakini Wagogo waliijua, wakapanda uwele na mtama unaostahimili ukame, na wakaweka akiba yao katika ng'ombe, ambao huweza kusogezwa mvua inakonyesha au kubadilishwa kwa nafaka. Ulikuwa ni utaratibu wa watu wenye akili. Kilichouvunja kwa namna ya kutisha kilikuja na vita ya kwanza ya dunia. Majeshi ya Wajerumani, na baada yao majeshi ya Waingereza, yalichukua nafaka, yakachukua ng'ombe, yakachukua na wanaume kuwa wapagazi. Mvua ilipokosekana baada ya hapo, hapakuwa na ghala, hapakuwa na zizi, wala hapakuwa na mikono ya kulima. Njaa ile ya mwaka 1917 hadi 1920 wenyeji waliiita Mtunya, na wanahistoria wamekadiria kwamba katika watu 150,000 wa nchi hiyo, 30,000 walikufa. Katika kila watu watano, mmoja. Mathias Mnyampala alizaliwa katika mwaka ule njaa hiyo ilipoanza.

Mhakiki asiyelijua jambo hili akiisoma hadithi ya kijana wa uwanda wa kati anayekimbilia mjini, ataona uvivu au tamaa. Anayelijua ataona mwisho wa mnyororo mrefu ambao pingu zake za kwanza zilifuliwa mbali na Dodoma. Mwandishi wa riwaya hawezi kuyaeleza yote hayo. Akiyaeleza riwaya itageuka kuwa kitabu cha historia. Yeye hutuonyesha mtu mmoja akitembea kwa miguu yake kwenye vumbi. Ni kazi ya mtaalamu kutuonyesha barabara.

Lakini na tujihadhari tusije tukaangukia upande wa pili. Ikiwa kila kosa la mhusika litafutwa kwa kutaja ukoloni, ukame na ubepari, basi mhusika si mtu tena. Ni gogo linaloelea juu ya maji. Riwaya iliyo nzuri haikubali hivyo. Humwonyesha kijana njia panda, ikamwacha achague, na hutufanya tumhurumie na kumlaumu kwa wakati mmoja. Kueleza sababu ya tendo si kumwondolea mtendaji lawama yake, na kumlaumu mtendaji si kukana sababu. Hili ndilo jambo gumu kuliko yote katika maadili, na twaamini kwamba hadithi hulifundisha vizuri kuliko kitabu cha falsafa, kwa sababu hutulazimisha kuyashika mambo yote mawili mikononi bila kuliangusha hata moja. Mhakiki anayelitupa moja ili mzigo umwie mwepesi amemdhulumu mwandishi.

Yatupasa kusema pia juu ya zana ambazo mtaalamu huja nazo. Kongwa, mashariki ya Dodoma, iko kumbukumbu ambayo kila msomi angefaa kuitafakari. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha huko mradi mkubwa wa karanga. Waliletwa wataalamu, yakaletwa matrekta, na hata vifaru vya vita viligeuzwa kuwa mashine za kung'olea vichaka. Hesabu zote zilikuwa sahihi katika karatasi. Lakini udongo wa mfinyanzi ulikauka ukawa mgumu kama tofali, na mvua haikuja kwa kipimo kilichoandikwa ofisini. Mwanzoni mwa mwaka 1951 mradi uliachwa, hasara ikiwa imefika kiasi cha pauni milioni 36. Wataalamu wale hawakuwa wajinga. Kosa lao ni kwamba waliijua karanga na waliijua mashine, lakini hawakuiuliza ardhi.

Nadharia ya fasihi ni zana kama trekta. Zimetufikia nadharia nyingi kutoka Ulaya na Marekani, na nyingine ni bora. Kezilahabi, ambaye alikuwa mwandishi na mtaalamu kwa wakati mmoja, alilichukua jambo hili kuwa swali la falsafa katika tasnifu yake ya udaktari aliyoikamilisha mwaka 1985 katika Chuo Kikuu cha Wisconsin: ni vipi fasihi ya Kiafrika ifasiriwe, na je, falsafa ya Kiafrika yaweza kuwa msingi wa kuifasiri? Swali hilo halijafungwa. Wala hatusemi kwamba trekta lisiingie shambani. Twasema kwamba mwenye trekta apige magoti kwanza, achukue udongo kwa mkono wake, aunuse.

Hapa tutapingwa na mtu atakayesema: basi na wahakiki wa hadithi za Ugogo wawe Wagogo tu, maana kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Methali hiyo ni ya kweli, lakini iko na nyingine isemayo mgeni njoo, mwenyeji apone. Shaaban Robert, mzaliwa wa Tanga, alifanya kazi Mpwapwa katika miaka ya arobaini, katika idara iliyoshughulikia mifugo. Hakuna anayesema kwamba kwa kuwa alizaliwa pwani hakuwa na macho ya kuona bara. Kinyume chake, lugha aliyoikuza yeye ndiyo ambayo Mnyampala wa Ugogo aliitumia kuwaeleza watu wake kwa taifa. Mwenyeji hujua mengi ambayo mgeni hayajui. Lakini ayajuayo sana mara nyingine huacha kuyaona. Kinachomstahilisha mtu kuihakiki hadithi si damu yake. Ni subira yake. Mgeni mwenye subira ni bora kuliko mwenyeji mwenye haraka, na mwenyeji mwenye subira ni bora kuliko wote wawili.

Limebaki deni moja, nalo ni deni letu kwa mwandishi aliyekwisha kufa. Aliye hai akisingiziwa aweza kujibu. Mnyampala hawezi. Wako wamkumbukao kama mtu wa ngonjera za siasa tu, na wako wamkumbukao kama mlinzi wa vina na mizani aliyesimama upande wa wakale. Mtu aliyeandika historia, hadithi na mashairi amefungwa katika neno moja au mawili ili aenee katika jibu la mtihani. Hatusemi kwamba nia ya mwandishi ndiyo sheria. Neno likishatoka kinywani ni la wasikiaji pia, na hadithi yaweza kusema zaidi ya alivyokusudia mwenyewe. Lakini pana tofauti kati ya kulifunua neno lililomo ndani ya hadithi na kulipachika neno letu ndani yake, kisha tukalitia sahihi ya marehemu. La kwanza ni uhakiki. La pili ni kughushi wosia.

Basi tunamshauri nini mwalimu aliye darasani, ikiwa ni Dodoma, ikiwa ni Mtwara, ikiwa ni Kigoma? Kwanza, kitabu chenyewe kisomwe. Umeenea mtindo wa kuwapa wanafunzi muhtasari wa wahusika na dhamira, wakaukariri, wakafaulu mtihani juu ya riwaya ambayo hawajapata kuifungua. Mwanafunzi wa namna hiyo amelishwa chakula kilichotafunwa na mwingine. Pili, maswali yafuate utaratibu: nini kimetokea, nani anayesema, nani amenyamazishwa, jambo hili limetoka wapi, na mwisho, sisi wenyewe tunahukumu vipi? Hukumu ikitangulizwa, maswali yale mengine hayataulizwa tena. Tatu, hadithi inapoeleza aibu ya watu fulani, mwalimu akumbuke kwamba huenda watu hao wameketi mbele yake. Asiifiche aibu, wala asiiachie kicheko. Aifuatilie mpaka kwenye chanzo chake, na akifika huko atakuta mara nyingi kwamba mkono uliofanya ubaya ule ulikuwa mrefu zaidi ya ilivyodhaniwa.

Tangu uamuzi wa mwaka 1973 wa kuyahamishia makao makuu ya nchi Dodoma, na zaidi tangu Chuo Kikuu cha Dodoma kilipoanzishwa mwaka 2007, uwanda huu uliosemwa sana na wapitao njia umepata vijana wengi wenye kalamu. Wengine watakuwa waandishi, na wengine watakuwa wahakiki. Kwa hao wa pili, na kwa walimu watakaowafundisha, tunatoa mfano wa yule mrina asali wa misitu ya Manyoni. Huupanda mti wenye mzinga na moshi mkononi, kwa maana bila moshi atarudi mikono mitupu. Lakini anajua kwamba moshi ukizidi nyuki watakufa, na kwamba asipobakiza masega mzinga utahamwa. Huchukua asali ya kuwatosha watu wake, kisha hushuka na kuuacha mzinga ukiwa bado na wenyewe.